Mwongozo wa Kumsaka Mama Mwingereza, kwa Msakaji Aliyeko Kalemie

Kalemie mtu akitaka kukujua haanzi na kazi yako. Anakuuliza mama yako nani, na mama yake mama yako nani, na ukijibu vizuri, kabla chai haijapoa ameshakupatia mama wadogo watatu usiowajua na binamu mmoja anayedaiwa. Mazoea haya yanatufaa sana hapa. Ukiyabeba hadi Uingereza ya karne ya 19 yatakulaza njaa. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa asiyejua anachojitakia: mwanafunzi wa historia, mwalimu aliyestaafu, kijana mwenye simu na megabaiti za kuchezea, yeyote aliyesimama siku moja ufukweni, akatazama kaskazini kuelekea Mtowa, akajiuliza yule mama Mzungu wa Kavala alikuwa mtoto wa nani.

Maana Annie Hore alikuwa jirani yetu. Kisiwa cha Kavala kiko juu yetu, mkabala wa Mtowa, na huko ndiko alikokaa na mumewe miaka ya 1880, wakati hakuna aliyekuwa ameota mji wetu huu, ulioitwa kwanza Albertville. Mume, Edward Coode Hore, alikuwa baharia aliyeajiriwa na London Missionary Society, misheni ya Kiprotestanti. Alifika Ujiji Agosti 1878, na mwaka uliofuata akaja kuutazama mto Lukuga ili amalize ubishi wa wasafiri wakubwa wa Kizungu: Cameron mwaka 1874 alisema maji ya ziwa yanatokea pale, Stanley mwaka 1876 akasema bado. Hore akakuta mto unakwenda zake magharibi bila kumngoja yeyote. Mke alikuja baadaye, na mtoto mdogo, Jack. Safari ya kutoka pwani ya bahari mwaka 1884 Annie aliifanya ndani ya kiti cha wagonjwa chenye magurudumu, cha aina ile ambayo Waingereza wa wakati huo walisukumiwa wakienda kupunga upepo. Njia ya Ugogo haikuwa ya kupunga upepo, kwa hiyo kiti kilibebwa na wapagazi. Januari 1885 waliingia Ujiji. Akiwa Kavala alifundisha wasichana, na mwaka 1886 kitabu chake kilitoka London, kile kiti kimo hata katika jina la kitabu: To Lake Tanganyika in a Bath Chair.

Basi tuanze kumsaka, na tuanze kwa kukosea, kama wote.

Asiyejua huanzia hapa hapa mjini. Atakwenda komine, atasalimia kwa heshima, ataomba daftari la vizazi na vifo la mwaka 1885. Karani, akiwa mtu wa adabu, hatamcheka usoni. Atamweleza kwamba Albertville ilitokana na ngome ya kapteni Jacques, Mbelgiji aliyekuja mwishoni mwa 1891 kupambana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, na kwamba kabla ya hapo madaftari ya mwambao huu, kama yalikuwapo, yalihesabu pembe na watumwa, wala hayakujali mama ya mtu. Kisha atampeleka parokiani, kwa sababu Kalemie kila swali la zamani huishia kwa mapadre. Nenda tu. Utapewa maji baridi, na ukiwa na bahati utakuta samaki wa mikeke mezani. Lakini Mpala, iliyojengwa na Mbelgiji Storms mwaka 1883 na kukabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, iliandika Wakatoliki. Akina Hore walikuwa watu wa upande wa pili. Ziwa lilikuwa moja, wakubwa wawili, wa Wakatoliki yuko Algiers, wa Waprotestanti yuko London.

Kwa hiyo karatasi za mama huyu ziko ng'ambo. Ni habari mbaya kwa mwenye miguu, nzuri kwa mwenye intaneti.

Fungua kwanza kitabu chake, ukurasa wa jina. Mwandishi ni Annie B. Hore. Mvivu ataruka aende kwenye picha. Wewe simama kwenye hiyo B, maana ndiyo mali yote aliyobaki nayo kutoka kwao. Ni Boyle, jina la ukoo alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Mwanamke Mwingereza wa wakati ule akiolewa aliliacha jina lake mlangoni mwa kanisa, na kabla ya sheria ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wake, hata vijiko vyake vilikuwa vya bwana. Ndiyo maana ukifungua orodha ya serikali ya wosia, inayoanzia 1858, utakutana na wajane na wanawake wasioolewa kwa wingi, na wake za watu wachache mno. Mtu ambaye hana kitu huandika wosia wa nini?

Sasa tufike mahali ambapo wengi hulia. Asiyejua husema: si nichukue tu cheti cha ndoa? Chukua. Uandikishaji wa serikali Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha ndoa ni karatasi ya kupendeza, yenye mistari iliyonyooka na mwandiko wa kujivuna. Kinakuambia jina la bwana harusi, umri wake, kazi yake, baba yake na kazi ya baba yake. Kisha bibi harusi: jina, umri, kazi (mara nyingi kistari kitupu, ijapokuwa tangu ana miaka 12 anafua nguo za watu), baba yake na kazi ya baba yake. Tafuta mama. Geuza karatasi nyuma. Iinue kwenye mwanga. Hayupo. Mama wa bwana hayupo, mama wa bibi hayupo, na usimlaumu karani, kwa kuwa mahali pa kumwandika hapakuwapo. Palikosekana tangu siku ile ya 1837 hadi tarehe 4 Mei 2021, Waingereza walipokubali kwamba huenda mama naye alihusika kidogo. Kadi yetu ya mpiga kura, ile tunayoitukana kwa sababu picha hufutika kabla uchaguzi haujafika, ina mahali pa jina la mama.

Na huyo baba usimkumbatie haraka. Karani aliandika alichoambiwa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, akiona haya kuacha nafasi wazi mbele ya wakwe, alimtaja babu yake, au baba wa kambo, au mtu ambaye hakuwahi kuishi. Mababa waliokufa nao walipanda vyeo kaburini: fundi viatu wa jana, siku ya harusi ya binti yake anaitwa bwana mwenye mali. Hilo tunalielewa. Kalemie pia marehemu wengi walikuwa wakurugenzi.

Mlango wa kumwingilia mama ni mtoto wake. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Kiingereza kuna safu ya mama, ya tano kutoka kushoto, na humo ndimo, kwa mara ya kwanza na karibu ya mwisho, serikali ilimotaka kujua mwanamke huyu aliitwaje kwao. Huandikwa jina lake la ndoa, kisha neno la kusema "zamani", kisha jina la ukoo wake. Kama aliolewa mara mbili, utakuta majina matatu yamepangana: la mume wa sasa, la marehemu, na la baba. Asiyejua hulichukua la katikati, akatumia mwaka mzima kuwachunguza ndugu wa marehemu mume wa kwanza, watu wasiomhusu kabisa, na mara nyingine akawapenda. Ukishalipata jina lake la kwao, unatafuta cheti chake yeye mwenyewe alipozaliwa. Humo nako kuna safu ya tano, na ndani yake yumo mama yake. Ni kamba ya kuvuta kutoka mtoto hadi mama, mama hadi bibi, na inakatika 1837. Kabla ya hapo kuna madaftari ya parokia, yaliyoanza 1538, ambamo mama, akiandikwa kabisa, ni "Mary" peke yake. Kumbuka pia kwamba watu wa misheni hii wengi walikuwa wa makanisa yaliyojitenga na kanisa la mfalme. Madaftari yao ya zamani yalikusanywa na serikali baada ya 1837, nayo yako Kumbukumbu za Taifa, Kew. Ukimkosa mtoto kwa Waanglikana, usitangaze kwamba alikuwa mpagani.

Faharasa ya vizazi ina mitego yake. Mwaka umekatwa vipande vinne vya miezi mitatu mitatu, na kinachohesabiwa ni siku mzazi alipokwenda kuandikisha. Alipewa siku 42. Mtoto wa Desemba basi anaweza kuwa katika robo ya kwanza ya mwaka unaofuata, na wewe umekesha ukimtafuta mwaka aliozaliwa. Hadi 1875 aliyenyamaza hakubanwa sana, na wapo waliodhani kubatiza kunatosha. Wengine walisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ya mtoto ili kukwepa faini, mchezo ambao hapa hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Majina ndiyo usiseme. Wewe unayelalamika kwamba kila mtaa una Kyungu na Kabange, kwa sababu mapacha wa Kiluba hawana uchaguzi, ngoja ukutane na Mary, Ann, Elizabeth na Sarah. Annie wako huenda alibatizwa Ann, au Anne, au Anna, au Hannah, kwa kuwa London ile H ya mwanzo ilidondoka ovyo na karani aliandika kwa sikio. Nancy naye ni Ann. Polly ni Mary. Fanny ni Frances, Peggy ni Margaret, Nelly ni Ellen au Helen, Kitty ni Catherine. Na mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lile lile, kwa hiyo usifurahi mno ukimpata Annie wa kwanza: angalia kwanza kama hakuzikwa kabla ya wa pili kuzaliwa. Nimeona watu wakimpa maiti wa miezi minane mume na watoto sita.

Tukija kwenye sensa, hapo kidogo utapumua. Kila miaka 10 karani aligonga mlango na kuuliza ni nani aliyelala ndani usiku ule: tarehe 7 Aprili 1861, tarehe 2 Aprili 1871, tarehe 3 Aprili 1881, na kuendelea. Ile ya 1841 ina majina, ila watu wazima walipunguziwa umri hadi kwenye tano ya chini, mwenye 39 akawa 35, jambo ambalo wanawake wa leo wangelipigia makofi. Kuanzia 1851 kuna umri kamili, uhusiano na mkuu wa kaya, na mahali pa kuzaliwa. Ukurasa wenyewe ukiufungua kwenye simu utaona mwandiko wa wino uliolala kulia, na penseli ya mkaguzi aliyepita juu yake akikata umri wa watu kwa mistari minene, mara nyingi juu ya ile tarakimu moja unayoihitaji. Shuka na safu. Utashangaa kuona jina fupi, "Do", limejaa katika safu kuanzia juu hadi chini, na kama ni mgeni utadhani ndio ukoo mkubwa kuliko yote Uingereza. Ni alama ya karani ya kusema "kama hapo juu". Utaona pia mtoto wa miaka mitano ameandikwa msomi. Anasoma chekechea. Na ukimwona binti "mkwe" wa mkuu wa kaya ana miaka tisa, usiandike makala ya ndoa za utotoni: wakati ule neno hilo walilitumia pia kwa mtoto wa kambo.

Kazi ya mke? Kistari tena, au pengo jeupe. Wanawake wa Ziwa Tanganyika wanaoanika ndagala tangu alfajiri hadi jioni wataelewa mara moja karani wa namna hiyo anatoka kwa watu gani.

Kuna ndoa ambayo mara nyingi hutaipata, hata ukitafuta hadi macho yavimbe, nayo inahitaji maelezo kwa msomaji wa hapa. Mke amekufa, ameacha watoto. Huku kwetu wazee wanakaa, wanatazama, na mara nyingi jicho linamwangukia mdogo wake marehemu: watoto wasilelewe na mtu wa mbali. Uingereza, tangu sheria ya 1835, ndoa ya mwanamume na dada wa marehemu mkewe ilikuwa batili, na ikaendelea kuwa batili hadi 1907. Watu walifanya nini? Walichofanya kila mahali. Walihamia mji ambako hawajulikani, wakafunga ndoa kimya kimya mbele ya karani asiyeuliza, au wakaishi tu. Kwa hiyo ukimkuta kwenye sensa ya 1861 shemeji wa kike anayelea watoto wa dada yake, na kwenye ile ya 1871, mji mwingine, yule yule ameandikwa mke, usidhani karani alilewa. Bunge la London lilibishana miaka kwa miaka juu ya jambo hilo. Mama mmoja wa Mtowa angelimaliza asubuhi moja.

Sasa nikuonye juu ya raha. Usiku, megabaiti zikiwa nyingi, utaangukia mti wa ukoo uliopandwa na mtu mwingine kwenye intaneti, umekamilika, hadi enzi za wafalme, na picha za ngao. Boyle ni jina la hatari kwa jambo hili, kwa sababu kuna Boyle wakubwa, makabaila wa Cork, na yuko Robert Boyle, mwanasayansi wa hewa na shinikizo aliyefariki 1691. Yuko mtu mahali fulani atakayekuuzia ngao yao kwa kadi ya benki. Kabla hujalipa, kumbuka kwamba Robert Boyle hakuoa wala hakuacha mtoto. Na mti wa bure ukiwa na mama aliyezaliwa miaka mitatu baada ya binti yake, funga simu ulale. Ukitaka vya bure, FreeBMD imejaa kazi ya wanaojitolea kunakili faharasa, na FamilySearch ya Wamormoni nayo haitozi. Faharasa mpya ya serikali yenyewe imewarudishia mama majina yao ya kwao hadi 1837, ambayo faharasa ya zamani haikuyaonyesha hadi 1911.

Watakushauri pia mate kwenye kichupa. Kipimo cha mitokondria hufuata mama kwa mama kwa mama, bila kumpitia baba hata mmoja, na ukikisikia hivyo utadhani kimebuniwa na mzee wa Kitabwa anayehesabu ukoo kwa mama. Tatizo ni kwamba kitakupeleka maelfu ya miaka nyuma bila kukutajia jina la mtu.

Misheni yenyewe? Nyaraka za London Missionary Society ziko katika chuo cha SOAS, London, na barua za Hore zimo. Waandikie, uzisome. Utapata vina vya ziwa, bei ya shanga, chuma cha meli, malalamiko kuhusu wenzake. Mke hutokea zaidi anapougua. Subira.

Wapo mama wengine katika habari hii, mama zao wale wapagazi waliokibeba kile kiti kupita Ugogo hadi ziwani. Hao siwaandikii mwongozo. Hawana safu ya tano, na kuwatafuta kunahitaji tiketi ya kwenda Tabora, kilo mbili za sukari, na mzee atakayekubali kukaa nawe barazani.

Siku utakapompata mama yake Annie, jina lake kamili na mtaa aliozaliwa, utataka kujivuna. Utayapeleka majina hayo Mtowa kwa bibi mmoja wa Waholoholo, ambao vitabu vya akina Hore vinawaita Waguha, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Atakusikiliza hadi mwisho. Kisha atauliza: mjomba wake nani? Utafungua mkoba, na hutakuta safu ya mjomba, si kwenye ndoa, si kwenye kuzaliwa, si kwenye ubatizo. Usikasirike. Rudi kwenye sensa, kwenye ile nyumba ambamo Annie alikuwa bado mtoto, na shuka polepole hadi chini kabisa ya kaya, kupita watoto, kupita mfanyakazi, hadi mahali wanapoandikwa wageni waliolala. Ukimwona mwanamume ambaye hajaoa, ana jina la ukoo lisilofanana na la nyumba nzima, na karani amemwandika shemeji wa mkuu wa kaya, kuna uwezekano mkubwa ni kaka yake mama. Jina lake la ukoo ni jina la mama huyo kabla hajaolewa. Linakili sasa hivi, pamoja na namba ya ukurasa, kabla umeme haujakatika.